Mti Kumi na Tatu, Nti Kumi na Tatu

Watu hustaafu na mvi. Mimi nimestaafu na goti. Daktari ameliangalia mara tatu, na mara zote amesema neno lile lile, kwamba goti hili halipandi mnara tena. Nina miaka ishirini na tisa. Kumi na moja kati yake nimeifanya kazi hii ya minara ya mawasiliano katika visiwa vyetu, na nyinyi wawili mnaochukua nafasi yangu mmeniomba niwaeleze ninayoyajua. Kwa mdomo nisingesema mengi. Kuandika naweza, ila naandika polepole. Kurasa hizi nilizianza Mfungo Sita na sasa tumo Mfungo Nane.

Vyeo sitavitaja. Nilianza msaidizi na nimemaliza msaidizi, kwa hiyo sehemu hiyo ni fupi.

Siku ya kwanza nilifika stoo saa moja kasoro, nikasimama nje kwa sababu sikujua kama mtu hupiga hodi kazini. Aliyenikuta ni Bakari, fundi wa kupanda, mtu mnene wa mabega na sauti. Alinitupia mkanda wa usalama, akaniuliza, "Unaogopa juu?"

Sikujibu. Haukuwa ushujaa. Mimi maneno hunifika kooni wakati mazungumzo yameshakwisha.

"Haya, tumeletewa bubu," Bakari akasema. "Vyema. Bubu akianguka hapigi kelele, watu hawashtuki."

Tangu siku ile jina langu kazini likawa Bubu. Hata vocha za stoo zimeandikwa hivyo, mtaziona.

Bakari alinifunza yafuatayo, na mpaka leo sijaona sababu ya kuyabadilisha. Spana haishikwi mkononi tu, hufungwa kwa kamba kwenye kifundo cha mkono. Bolti haikaguliwi kwa macho, hukaguliwa kwa kidole upande wa chini, kwa sababu chumvi hula mahali pasipoonekana. Ukipanda baada ya swala ya alfajiri, uwe umeshuka kabla ya saa tano, maana chuma cha saa sita kinachoma mkono na mkono uliochomwa huachia. Tena, minara yetu hujengwa kwa vipande vya mita tatu. Kampuni ya bara ilitaka kutuletea vya mita sita. Tulijaribu kimoja. Kilifika pwani salama, kikakwama kwenye kona ya pili ya mji kikiwa juu ya punda, kwa sababu kichochoro hakipindi, chuma hakipindi, na punda naye alikuwa na maoni yake. Tangu hapo ni mita tatu.

Yote hayo ni kazi ya mikono, na mngeyajua wenyewe kwa mwaka mmoja. Ninalotaka hasa kuwaandikia ni hesabu, kwa sababu ndiyo iliyonipa taabu, na ndiyo niliyokaribia kumvunjia mtu heshima yake kwayo.

Hesabu nilifunzwa na Bi Rukia. Alikuwa mchoraji wa ramani ofisi za ardhi kwa miaka mingi, na alipoacha ajira kampuni yetu ikamwomba awe akitupigia hesabu za njia, yaani mstari unaopitwa na mawimbi kutoka mnara mmoja hadi mwingine. Alizipiga nyumbani kwake, pale kwenye kibaraza cha mawe cha mlangoni tunachokiita daka, kwa penseli na kalkuleta iliyofutika namba. Mimi nilikuwa nikimpelekea vipimo. Nilikuwa nikiviweka, nikisalimu, nikiondoka. Siku moja hakuniacha niondoke.

"Ndoo," akaniambia. Mmoja wenu ni mtu wa bara, kwa hiyo nieleze. Sisi wa Amu, yaani Lamu, husema ndoo kwa njoo, ndia kwa njia, tini kwa chini, na nti kwa nchi. Hilo la mwisho mulishike, lina maneno yake mbele.

Nikaja.

"Keti. Bahari ni sawasawa ama si sawasawa?"

Nikainamisha kichwa kuonyesha kwamba ni sawasawa.

"Kilicho sawasawa ni kitwa chako," akasema, akaingia ndani, akatoka na sinia la shaba na uzi wa kushonea kofia.

Akaweka sinia juu ya daka. Akaniambia nivute uzi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, nisipite katikati, nipite karibu na ubavu. Nikapima uzi ule kwa rula, ulikuwa sentimita thelathini na sita.

"Huo uzi ndio wimbi letu," akasema. "Lenda moja kwa moja, halina habari na mtu. Na ukingo wa sinia ndio nti. Waona nti ilivyovimba juu ya uzi?"

Niliona. Uzi ulipita chini, na ukingo wa sinia ulipanda juu yake kama mgongo. Nikapima uvimbe ule pale katikati ya uzi, ukawa sentimita sita. Akaniambia nipime na upande wa pili, kutoka katikati ya uzi kuvuka sinia lote hadi ukingo wa mbali. Hamsini na nne.

"Uzi wako una vipande viwili, cha kumi na nane na cha kumi na nane. Zidisha."

Mia tatu ishirini na nne.

"Sasa sita kwa hamsini na nne."

Mia tatu ishirini na nne.

Nilidhani amezichagua namba ili zilingane. Sikusema, lakini alinisoma. "Vuta nyuzi zako mwenyewe," akasema. "Mbili, zikatane popote upendapo."

Nikavuta mbili upande upande, bila mpango. Zilipokatana, nikazidisha vipande viwili vya uzi wa kwanza, nikapata mia tatu. Vipande viwili vya uzi wa pili vikatoa mia tatu na mbili. Bi Rukia akasema hizo mbili ni unene wa kidole changu.

Jaribuni wenyewe, masinia yapo kila nyumba. Kwenye duara lolote, nyuzi mbili zikikatana, vipande vya mmoja vikizidishwa hulingana na vipande vya mwenzake vikizidishwa. Ukishaliona hilo kwa mkono wako, hesabu ya kupinda kwa dunia imekwisha, iliyobaki ni kugawanya tu.

"Sinia lako ni sentimita sitini toka ukingo hadi ukingo," Bi Rukia akasema. "Sinia la Mwenyezi Mungu ni kilomita elfu kumi na mbili, mia saba arubaini na mbili. Uvimbe wake kwenye ndia zetu hizi ni mdogo sana, kwa hiyo kile kipande cha ng'ambo kihesabu kuwa ndiyo dunia nzima. Usihangaike."

Maana yake ni hii. Chukua kilomita kutoka mahali unapopatazama hadi mnara wa upande huu. Zidisha kwa kilomita hadi mnara wa upande ule. Gawanya kwa elfu kumi na mbili mia saba arubaini na mbili, utapata uvimbe kwa kilomita. Ukitaka mita, na sisi twataka mita, gawanya kwa kumi na mbili nukta saba nne.

Mawimbi nayo hayaendi sawa kabisa kama uzi. Hewa ya chini ni nzito kuliko ya juu, kwa hiyo wimbi hupinda kidogo kuifuata dunia, na kwake dunia huwa kama imekua kwa theluthi moja. Kumi na mbili nukta saba nne ukiongeza theluthi yake ni kumi na saba. Basi sisi hugawanya kwa kumi na saba. Namba hiyo muiandike ukutani stoo.

Minara miwili ikiwa kilomita mbili mbali, katikati ni kilomita moja kwa kilomita moja, gawanya kwa kumi na saba, sentimita sita. Hakuna mtu anayeona sentimita sita za bahari, ndiyo maana mimi na wengine twaiona sawasawa. Kilomita kumi ni tano kwa tano, uvimbe wa mita moja na nusu. Kilomita thelathini ni kumi na tano kwa kumi na tano, mita kumi na tatu. Umbali umezidi mara tatu, uvimbe umezidi mara tisa. Hapo ndipo watu wa kukisia huanguka.

Nikaanza kuandika vipimo na hesabu mwenyewe, Bi Rukia akizihakiki. Kwenye mnara wa kwanza niliohesabu niliandika "nchi 3", yaani uvimbe wa nchi ni mita tatu. Karani wa bara aliyeipokea karatasi akasoma inchi tatu, akashangaa kwa nini tunahangaika na inchi tatu, akaifuta. Mnara ule ulikuwa mrefu kupita haja, hakuna kilichoharibika. Bi Rukia alicheka mpaka akafuta macho kwa ukaya wake.

"Usiandike nchi tena," akasema. "Andika nti, kama mamako alivyokufunza. Neno hilo hakuna atakayelisoma vingine."

Katika miaka yote niliyomjua, hilo ndilo kosa lake moja ninaloweza kulitaja.

Kisha ikaja kazi ya Faza. Kulikuwa na shule na zahanati upande ule zilizotaka mtandao, na mnara mpya ungejengwa nje kidogo ya mji, ukiangaliana na mnara wetu wa zamani huku Amu, ambao antena yake iko mita arubaini kutoka usawa wa maji. Kutoka mnara hadi mnara ni kilomita thelathini. Bahari na ardhi kati yao ni chini, isipokuwa mikoko ya karibu na Mtangawanda, na mikoko ile ni mirefu. Huo ndio mkwamo, nasi tukatumwa kuupima.

Bakari alipanda mkoko mrefu kuliko yote akiwa na tepu kiunoni. Alipofika nusu akaanza kupiga makofi mwilini mwake. Mti ulikuwa na maji moto, wale siafu wekundu wa kwenye majani.

"Bubu! Mti huu una wenyewe!"

Nikamwambia asome tepu.

"Nasoma nini na mimi naliwa?"

Alisoma. Kutoka alama ya maji makuu hadi ncha ni mita kumi na tatu. Akashuka kwa kasi ambayo sijaiona tena.

Nikaenda hadi gatini Mtangawanda, ambako simu hushika, nikampigia Bi Rukia.

"Kutoka Faza hadi kwenye mikoko?"

"Kumi na mbili."

"Na kutoka mikoko hadi Amu?"

"Kumi na nane."

"Zidisha, gawanya."

Mia mbili na kumi na sita, gawanya kwa kumi na saba. "Kumi na mbili nukta saba," nikasema.

"Andika kumi na tatu. Nti haikatwi vipande. Na wimbi nalo lataka nafasi ya kupita, si kuparuza majani. Lipe kumi na mbili."

Nikaandika kwenye daftari, kila neno kwenye mstari wake: mti 13, nti 13, wimbi 12. Jumla 38. Maana yake, pale juu ya mikoko mstari wetu upite mita thelathini na nane kutoka maji.

Injinia Kioko alikuja kutoka bara siku ya pili yake. Sina baya la kusema juu yake. Alikuwa mpole, alibeba mzigo wake mwenyewe, na aliuliza jina la kila mtu. Tulikaa gatini, nikampa daftari. Alisoma, akatabasamu, akatoa kalamu nyekundu.

"Kijana, hapa umeandika mti mara mbili. Na mara ya pili umekosea herufi."

Akapiga mstari juu ya "nti 13". Akafuta thelathini na nane, akaandika ishirini na tano. "Usijali," akasema. "Hata mimi Kiswahili kilinishinda shuleni."

Nilijua. Nataka hilo liwe wazi, kwa sababu watu wangu wa karibu wamejaribu kunitetea kwamba pengine sikuelewa papo hapo. Nilielewa kalamu ilipogusa karatasi. Uvimbe mzima wa dunia kati ya Amu na Faza ulikuwa umefutwa kwa sababu ya herufi moja.

Sikusema kitu. Nikiwa darasa la tano mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu kwa neno hilo hilo. Nilikuwa nimeandika nti kwenye insha, akanifanya niliandike nchi ubaoni mara hamsini, darasa likihesabu kwa sauti. Pale gatini nilipoona kalamu nyekundu, kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba amenikamata tena. Kabla sijavuka hapo Bakari aliita kutoka kwenye boti kwamba maji yanakupwa, Injinia akasimama, na maneno yangu yakafika wakati hakuna wa kuyapokea.

Sasa tazameni kosa linavyokua. Mikoko iko karibu na Faza kuliko Amu, lakini hata hivyo ukiongeza mita moja kwenye mnara wa Faza, mstari pale juu ya mikoko hupanda sentimita sitini tu. Kwa hiyo mita kumi na tatu zilizofutwa kwenye mikoko ni mita karibu ishirini na mbili kwenye mnara. Hesabu ya Bi Rukia ilitaka mnara wa mita thelathini na saba. Ile ya kalamu nyekundu ilitaka kumi na tano. Injinia alifurahi. Vipande vitano tu, punda watano, safari moja.

Tukachimba, tukamwaga simiti, tukangoja ikauke, tukasimamisha. Bi Rukia aliniuliza mara moja, "Mnara wa Faza wenda mita ngapi?" Nikamwambia bado. Mnara wakati ule ulikuwa haujasimama, kwa hiyo neno lenyewe lilikuwa kweli, nami niliondoka haraka.

Tulipouwasha ilikuwa asubuhi, upepo umetulia kabisa, na mtandao ukashika mara moja. Injinia alimkumbatia Bakari. Mimi nilidhani Mungu amenisitiri. Kufika adhuhuri ukakatika. Kesho yake alfajiri ukashika, adhuhuri ukakatika. Hilo lina sababu yake. Asubuhi ya shwari hewa hulala kwa tabaka juu ya maji, na wimbi hupinda kuliko kawaida, likaruka vilele vya mikoko. Jua likipanda na upepo ukivuma, tabaka huvurugika, wimbi hunyooka, linagonga majani. Mstari wetu ulikuwa unapita mita moja chini ya ncha za miti. Lakini asiyejua hayo huona kitu kinachofanya kazi kisha kinaacha, na hufikiri ni waya.

Tulibadilisha waya. Tukabadilisha antena. Tukabadilisha kisanduku cha umeme. Bakari alipanda mnara ule mara nyingi mpaka akasema anaujua kuliko mkewe. Baada ya wiki tatu Injinia akarudi kutoka bara, akaitisha kikao stoo, akamwomba Bi Rukia naye aje.

Alikuja na miwani na mkoba wa karatasi. Injinia alimpa kiti kizuri. Mezani kulikuwa na ripoti iliyopigwa chapa, na kwenye ripoti kulikuwa na jumla tu.

"Bi Rukia," Injinia akasema, "hesabu yako ilitupa ishirini na tano juu ya mikoko. Tumejenga kwa hesabu hiyo. Haitoshi."

"Mimi nilisema thelathini na nane."

"Ilikuwa kwa simu, Bi. Simu za kule zinakatika. Pengine ulisema hivyo, pengine ulikusudia kusema hivyo."

"Nilisema thelathini na nane, Bwana."

Injinia alivuta kiti chake karibu. Alisema kwa heshima kabisa, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. "Umri ni umri, mama. Hata baba yangu alikuwa mhasibu, na mwisho namba zilimponyoka. Makao makuu wameonelea hesabu zote kuanzia sasa zifanyiwe bara. Si lawama. Ni kupumzika."

Bi Rukia hakubishana. Alivua miwani, akaikunja, akaanza kurudisha karatasi zake mkobani moja moja, akizilinganisha pembe. Hakunitazama. Nadhani angenitazama ningeshindwa. Wanawake wa umri wake mji huu huulizwa mambo machache sana, naye alikuwa akiulizwa umbali na urefu, na watu wazima walikuwa wakijenga vyuma kwa jibu lake. Sasa angerudi dakani kwake na watu wangejua kwamba amechanganyikiwa.

"Mti na nti ni vitu viwili," nikasema.

Ilitoka kwa sauti ndogo, nikalazimika kuirudia.

"Bubu kasema!" Bakari akapiga meza. "Wallahi kasema!"

"Nti ni nini?" Injinia akauliza.

"Nti ni nchi, Injinia," Bakari akamjibu. "Hiyo unayoikanyaga."

Nikatoa daftari. Lilikuwa mfukoni mwangu muda wote huo. Nililifungua kwenye ukurasa wenye wino mwekundu, nikaliweka juu ya ripoti yake. Nikamwonyesha kwa kidole, mti, mkoko wa Mtangawanda, mita kumi na tatu, Bakari ameupanda. Nti, uvimbe wa dunia, kumi na mbili kwa kumi na nane, gawanya kwa kumi na saba, mita kumi na tatu. Namba zimelingana kwa bahati tu. Nadhani yalikuwa maneno mengi kuliko niliyosema kazini mwaka mzima.

Injinia alitazama mwandiko wake mwekundu. Kisha akatoa simu, akazidisha, akagawanya.

"Kumi na mbili nukta saba," akasema.

"Mimi humwambia aandike kumi na tatu," Bi Rukia akasema, bila kuacha kupanga karatasi.

Injinia hakuagiza chuma papo hapo, na alifanya vizuri. Tulikwenda Faza, tukafunga boriti ya mkoko juu ya mnara ule wa mita kumi na tano, tukainua antena mita sita zaidi. Namba ya nguvu ya wimbi kwenye kifaa, ambayo ikipungua ndiyo bora, ilikuwa themanini na nane saa sita mchana. Ikashuka ikawa themanini na nne. Haikutosha, lakini ilionyesha tulikokuwa tunakwenda. Bakari alipiga kelele kutoka juu kwamba boriti imeshinda injinia wawili. Vipande vinane vikaagizwa, mnara ukafika mita thelathini na tisa, na mtandao ukashika adhuhuri, ukashika alasiri, ukashika upepo ukivuma. Injinia aliandika barua makao makuu kwamba hesabu zibaki Amu, na kosa akaliandika kuwa lake. Nasema hivi kwa sababu si kila mtu angeliandika.

Nikampelekea Bi Rukia nakala ya barua. Aliisoma, akaiweka kando.

"Ulikaa siku ngapi ukiyua?" akaniuliza.

Nikamwambia sitini na moja.

"Nilipokuuliza mita ngapi, ukanambia bado, ulikuwa wayua?"

"Nilikuwa najua."

Hakunikaripia. Alichomoa karatasi safi kwenye mkoba, akaiweka juu ya daka, akanipa penseli yake. "Kusema yakushinda. Kuandika waweza. Andika."

Ilinichukua muda. Niliandika kwamba siku ile gatini nilijua nti imefutwa, na kwamba sikusema. Nikaandika jina langu kamili. Alivaa miwani, akasoma, akarekebisha nukta moja, akaifungia kwenye faili la mnara wa Faza, mbele ya vyote.

Bado imo. Mtakapolifungua faili lile kwa kazi yoyote, hiyo ndiyo karatasi mtakayokutana nayo kwanza, kwa penseli, mistari miwili. Msiitoe. Hesabu zinaanza ukurasa wa pili.